Shoka la Zephaniah

Watu wa Irindi ni wagomvi, hilo wenyewe hawalikatai. Wamegombania mipaka ya mashamba, wamegombania viti vya mbele kanisani, na kuna nyumba mbili hapo ambazo hazisalimiani hadi leo kwa sababu ya jogoo. Lakini kuna kitu kimoja hawajawahi kukigombania, nacho ni msitu ulio juu ya kijiji. Ule ni fighi, msitu wa wazee, ekari kumi na nne zilizokaa pale kileleni tangu kabla ya reli kufika Voi, na sheria zake anazijua hata mtoto anayenyonya. Huingii na chuma. Huvunji kijiti. Mti ukianguka wenyewe unauacha uozee hapo hapo. Na ukivunja sheria unatoa kondoo mweusi, wazee wanamla mbele ya macho yako, na wewe hupewi hata mchuzi.

Mlinzi wa msitu huo alikuwa Zephaniah Mwadime, fundi wa kujenga kwa mawe, mwanamume wa miaka hamsini na minane aliyejisikia kidogo. Alikuwa na sababu ya kujisikia. Babu yake aliulinda, baba yake akaulinda, na tangu akabidhiwe yeye, miaka ishirini na tisa ilipita bila kondoo kuchinjwa. Nyumbani kwake hapakuwa na shoka hata la kupasulia kuni. Mkewe Wakio alipikia mabua, magunzi na maneno mengi. Zephaniah alikuwa akisema kwamba mlinzi wa msitu mwenye shoka ni sawa na mchungaji mwenye baa, na mahali alipolisema hilo mara nyingi zaidi ni mbele ya mchungaji.

Kazi yake hasa ilikuwa moja. Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, aliingia msituni peke yake, miguu mitupu, mkononi ana kata ya kibuyu, akazibua chemchemi. Majani na tope la mwaka mzima huwa yameziba jicho la maji, na usipoyatoa, maji yanajipenyeza ardhini na kutokea upande wa pili wa mlima, kwa watu wasiokuwa na habari. Kuna mahali pa kuchota na mahali pa kuacha kama palivyo. Baba yake alimwonyesha mara tatu, na hakuna mtu mwingine aliyejua.

Sasa, maji yenyewe yalikuwa juu, kwenye ukingo wa msitu, na nyumba zilikuwa chini. Wakio alikuwa amepanda na kushuka ule mlima na mtungi mgongoni tangu aolewe, mpaka goti lake la kushoto likavimba na kukataa. Kila alipoliweka chini alitoa sauti ndogo, kisha alijifanya hakuitoa. Zephaniah aliisikia kila siku. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Basi siku moja Sylus akaja na habari. Sylus alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kamati ambayo kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa na mwenyekiti, karani, muhuri na kila kitu isipokuwa maji. Alikuwa amesikia Voi kwamba kuna kampuni inaitwa Majani Saba, inalipa watu kwa kuwa na msitu.

"Kwa kuuza mbao?" Zephaniah akauliza.

"Kwa kutouza," Sylus akasema. "Wewe unakaa tu nao. Wao wanaleta bomba."

Zephaniah alicheka. Alikuwa ameukalia huo msitu bure miaka ishirini na tisa.

Kampuni ilimtuma Cynthia, binti wa Nairobi mwenye adabu nzuri, aliyeshuka kwenye treni pale Voi na kupanda mlima akiwa na viatu vya kupandia mlima ambavyo vilikuwa havijawahi kuuona mlima. Akazungushwa ukingoni mwa msitu, akapiga picha, akasema wow kila baada ya hatua nne. Halafu wakakaa nyumbani kwa Zephaniah, Wakio akaleta chai, Cynthia akafungua kompyuta yake mapajani.

Akaeleza vizuri. Huko ng'ambo kuna kampuni yenye ndege ndogo za kubebea matajiri. Ndege zinatoa moshi mwingi, na wenyewe jambo hilo linawasumbua moyo. Kwa hivyo wanalipia msitu mahali fulani usikatwe, na moshi wao unahesabiwa kuwa umefutika.

"Kwa hivyo wanaacha kuruka," Wakio akasema.

"Hapana, mama, wanaendelea. Lakini sasa kwa amani." Cynthia akageukia kompyuta. "Haya, mzee. Kwa mwaka mnapoteza miti mingapi?"

"Hakuna," Zephaniah akasema, kifua mbele.

"Hakuna iliyoandikwa, ama hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa, mwanangu. Tangu babu yangu."

Cynthia alimtazama kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mtu mzima kabisa na kuambiwa amtibu. "Hiyo sasa ni shida," akasema. "Mzee, sisi hatulipii miti. Tunalipia ile miti ambayo ingekatwa kama si sisi."

"Na ile ambayo haingekatwa?"

"Hiyo haina soko."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kwa vile wahenga hawakuwahi kukaa meza moja na Majani Saba.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kijiji cha Msaru. Watu wa Msaru waliumaliza msitu wao wote kwa makaa, wakabakiza miti sita ya makaburini, na hiyo sita ilipona kwa sababu walikuwa wanaogopa. Msaru walikuwa wameshapata matangi mawili, darasa jipya na taa za sola. Zephaniah akawataja kwa uchungu.

"Ai, Msaru," Cynthia akasema, uso ukimng'aa. "Wale wako na historia nzuri sana."

Wakio akaweka birika chini, goti likamkamata, akatoa ile sauti yake. "Kwani lazima wawe waharibifu wengi?" Sylus akauliza. "Mmoja hatoshi?"

Mmoja, Cynthia akafikiria, mmoja angetosha, kama ana sura nzuri na kama amebadilika. Angepigwa picha na shoka, angeingia kwenye fomu kama hatari. Msitu ungekuwa na hatari, hatari ingekuwa na jina, na bomba la kilomita mbili lenye mifereji mitatu lingeshuka hadi kijijini.

Sylus akazunguka siku tatu akitafuta mharibifu, hakupata. Watu ambao wangeapa kwa uongo mahakamani juu ya mbuzi wa jirani walikataa kabisa kuitwa wakataji wa fighi. Wengine walimfungia mlango. Siku ya nne Zephaniah alimwona Wakio akishuka mlima kinyumenyume, mtungi mgongoni, kwa sababu kinyumenyume goti lilikuwa na nafuu. Akamwita Sylus akamwambia, andika jina langu.

"Baba Abby, umerukwa na akili?" Wakio akamuuliza. Abby ni binti yao, ameolewa Mata.

"Ni picha tu, mama Abby. Na haitapigwa ndani."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Nairobi hangeweza kulifanya. Kwa Zephaniah sheria ilikuwa mpaka. Chuma kikivuka mpaka, kuna kosa na kuna kondoo. Kisipovuka, hakuna kitu. Kwa hivyo aliutembea mpaka mzima siku ya picha, jiwe kwa jiwe, akahakikisha wote wamesimama nje kwa hatua thelathini, karibu na kisiki cha mkaratusi wa shule uliokatwa kutengenezea madawati. Juu ya hatua zile thelathini alikuwa mkali kama polisi. Juu ya karatasi hakuuliza hata swali moja.

Shoka lilinunuliwa na Cynthia katika duka la vifaa Voi, kibandiko cha bei kikiwa bado kwenye mpini. Zephaniah alilishika mbali na mwili, jinsi mwanamume anavyomshika mtoto wa mwenzake aliyejichafua. Mpiga picha akamwambia aonyeshe majuto. Hakuweza. "Mzee, kumbuka kitu kibaya ulifanya," mpiga picha akamsihi. Zephaniah akakumbuka choo cha shule alichokijenga bila msingi wa kutosha, kikainama muhula wa pili, na hapo uso ukakubali. Kila mtu akasema hiyo ndiyo.

Kisha akatia sahihi fomu ya kurasa kumi na moja za Kiingereza, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa shuleni enzi za viboko. Cynthia akalifunga shoka kwenye gazeti akaondoka nalo, maana lilikuwa na risiti na ofisi ingeliulizia.

Miezi mitatu baadaye Zephaniah alishuka Voi kununua saruji, na pale barabara kuu inapokutana na ile ya stesheni akajiona mwenyewe, urefu wa nyumba mbili. Choo cha shule kilikuwa wazi usoni mwake. Chini yake wameandika: NILIKUWA ADUI WA MSITU. LEO MIMI NI RAFIKI. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, Majani Saba.

Alivuta kofia hadi kwenye nyusi. Haikusaidia. Bodaboda wawili walimpigia honi, mmoja akamwita mzee wa makaa. Akakimbilia hoteli ya Mutheu, mwanamke anayepika maharagwe ambayo madereva wa masafa marefu huegesha malori kwa ajili yake. Mutheu alimwekea sahani, akatazama kushoto na kulia, akainama.

"Mzee, mimi ni mtu wa siri," akanong'ona. "Hii ya Msaru imeisha kabisa na gesi imepanda. Niletee magunia mawili tu. Nitachukua kwa mlango wa nyuma."

"Mimi sijawahi kuchoma makaa, mama."

"Najua," Mutheu akasema, akamkonyeza. "Hata mimi singesema."

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu walikuwa wamefurahi. Mchungaji alimwomba atoe ushuhuda wa jinsi alivyotoka gizani. Zephaniah akasimama mbele ya watu waliomjua tangu azaliwe, watu waliojua kabisa kwamba hakuwahi kuwa gizani hata nusu saa, akasema anamshukuru Mungu, akakaa. Walipiga makofi. Bomba lilikuwa linakuja, na hakuna aliyetaka kulikwaza. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, na akaimeza, kwa sababu ya goti.

Mwezi wa sita wakaja wapimaji, wakapima maji yakitiririka ukingoni, wakaridhika. Mabomba yakaanza kulazwa. Na pamoja na mabomba akaja askari wa msitu, Nzau, Mkamba wa Voi mwenye sare mpya, gambuti na cheche za bidii. Alifunga kamera juu ya mti ukingoni, akasimamisha kibao, akatoa karatasi mfukoni.

"Hii ni orodha ya watu hawaruhusiwi kukaribia msitu," akasema.

Orodha ilikuwa na jina moja.

Zephaniah alilisoma mara mbili. Kisha akapanda mlima hadi mahali penye mtandao mzuri, akampigia Cynthia. Akamweleza kuhusu chemchemi, kata, tope, jicho la maji. Akamwambia si unajua ilikuwa picha tu, mwanangu.

"Najua, mzee, na naelewa kabisa," Cynthia akasema, na kwa kweli alikuwa anaelewa, masikini. "Lakini kwa mfumo, hatari ni wewe. Ukurasa wa saba. Nikikutoa wewe, msitu hauna hatari tena. Msitu ukikosa hatari, bomba linarudi. Unataka nikutoe?"

Akatazama chini. Vijana wa Irindi walikuwa wanachimba mtaro wakiimba. Akasema, "Niache tu."

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukaingia. Ule mkondo ukingoni ukawa uzi, halafu ukawa unyevu. Zephaniah alikuwa akienda kila asubuhi hadi kwenye kibao, anasimama, Nzau anamsalimia vizuri, anarudi. Alimwambia Sylus maji yatakauka kabla ya sherehe. Sylus akasema wahandisi wamepima, wahandisi wana digrii, asilete kisirani.

Siku ya sherehe kulikuwa na mahema mawili, kwaya tatu, na mkurugenzi wa Majani Saba mwenyewe, mwanamume mwenye sauti laini ambaye alikuwa ametua Voi kwa ndege ndogo. Alizungumza dakika arobaini juu ya hewa: kwamba hewa ni urithi, hewa haina mpaka, na kwamba yeye ameyatoa maisha yake kwa ajili ya hewa. Zephaniah alisimamishwa watu wamwone. Halafu mkurugenzi akakata utepe, akaushika mfereji uliong'aa, akaufungua.

Ukakohoa. Ukatoa pumzi ndefu yenye vumbi, kisha nyingine fupi, kisha ukanyamaza. Ilitoka hewa tupu.

Kwaya, kwa vile ilikuwa imefundishwa kuanza mfereji ukifunguliwa, ikaanza. Mtu wa kampuni akaleta chupa za maji ya dukani, akazimimina kwenye ndoo iliyokuwa chini ya mfereji, picha zikapigwa. Wakio alikuwa mstari wa mbele, amevaa leso yake mpya, ameshika jagi. Aliligeuza jagi, akalitazama ndani, akalibana kwapani, akaanza kutafuta kwa macho mtungi wake wa zamani.

Zephaniah akavua viatu.

Alipita nyuma ya mahema, akaingia nyumbani, akachukua kata ya kibuyu ukutani, akapanda. Wanawake walimwona wakampisha. Nzau naye alimwona tangu mbali na akasimama katikati ya njia.

"Mzee, usinifanyie hivi. Niko na watoto."

"Na mimi niko na mke," Zephaniah akasema. "Nitazame. Nina chuma?"

Nzau akatazama miguu mitupu, akatazama kata. Akatazama chini, ambako kwaya ilikuwa inaimba kando ya mfereji mkavu. "Mimi huwa naomba saa hizi," akasema, akageuka, akafumba macho, na maombi yake siku hiyo yalikuwa marefu kuliko ya askofu. Lakini kamera haina dini. Ilikuwa juu ya mti, ikimwona.

Alichota kwa saa tatu. Alichota pale pa kuchota, akaacha pale pa kuacha, na majani meusi yaliyooza yakapanda hadi kwenye viwiko. Alimkumbuka baba yake akalia kidogo, maana hakuna aliyekuwa anaona isipokuwa kampuni. Jioni wageni walipokuwa wameshaondoka, mfereji ukakohoa tena, ukatema tope, ukatema maji ya rangi ya chai, na mwisho ukatoa maji. Wakio alijaza jagi, akanywa, akamwaga, akajaza tena bila sababu. Alikuwa akicheka. Zephaniah hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu harusi ya Abby.

Wiki mbili alingoja kukamatwa. Badala yake simu ikalia, wamekaa nje, Wakio anaosha vyombo kwenye mfereji, hatua tano kutoka mlangoni. Cynthia alikuwa na furaha mpaka maneno yanagongana.

"Mzee, hongera! Wale wa ndege wameona video. Wameona hatari bado ipo kabisa. Wameongeza mkataba miaka mitano, na Irindi mnapata tangi. Lakini, mzee." Akashusha sauti. "Mwaka ujao ukiingia, tafadhali, beba shoka. Ile bakuli yako kwa kamera haionekani vizuri. Watu wanauliza anafanya nini, anakunywa supu?"

Zephaniah akamtazama Wakio, aliyeacha sufuria akasikiliza. Angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyapanga mengi kwa siku nyingi, akiwa amesimama mbele ya kile kibao.

"Mwanangu," akasema, "sisi hatuna shoka. Lile moja lililowahi kufika hapa, mliondoka nalo nyinyi."

"Hiyo si shida, mzee. Tutawatumia."

Na kweli, walituma. Lilifika Voi kwa basi la asubuhi, limefungwa kwa karatasi, kibandiko bado kwenye mpini. Mtu wa ofisi ya vifurushi alipiga simu mara tatu kisha akachoka. Liko pale mpaka leo, kwenye rafu ya chini. Juu yake pameandikwa kwa kalamu nene ZEPHANIAH MWADIME, IRINDI, na ndilo shoka la kwanza na la pekee katika ukoo wao kuwa na jina lao.